Mnada wa Maji, Nizwa

Usingizi wa adhuhuri ulimkuta Shinuna
miguu ndani ya falaji, jino la utoto likicheza.
Akateleza. Si kuanguka, ni kumezwa polepole,
mpaka sokoni chini ya ardhi
ambako mbuzi waliovaa kofia za viua
walinadi saa za maji:
"Nusu saa ya alfajiri! Nani aongeza?"

"Mimi," akasema.
"Una nini?"
Hana baisa hata moja.
Akang'oa jino.

Dalali akalinusa, akalitia sikioni,
akacheka mpaka ndevu zikamwaga tende.
"Mpeni!"

Mama anaita: "We Shinuna, chai inapoa!"
Anaamka na pengo.
Na mitende yao, isiyo na zamu leo,
imesimama kwenye maji hadi magotini.