Kiambishi

Zamu ya usiku, ghorofa ya tano, mjini Duluth.
Ziwa limeganda hadi linapokutana na giza.
Marlys Kettunen ana wagonjwa tisa
na mikono miwili, ileile aliyozaliwa nayo.

Novemba aliandika: Naomba muuguzi mmoja zaidi.
Januari: Nachoka. Kengele ya 512
ililia dakika kumi na nne, nami nilikuwa
nimemkumbatia mzee wa 508 asianguke.
Jibu lilirudi limepakwa sukari:
Pole, Marlys. Umejaribu kuvuta pumzi taratibu?

Ni- ni silabi nyembamba.
Hupita chini ya mlango, zulia lisijue.

Basi saa tisa usiku, chumba cha mapumziko,
kati ya mashine ya kahawa inayovuja na keki ya juzi,
Pa Houa Vang aligeuza ratiba ya zamu
akaandika mgongoni mwake.
Luzviminda akatia saini, wino ukateleza
kwa mafuta ya mkono.
Dale, mwenye deni la chuo na mtoto wa miezi miwili,
alikaa na kalamu
kama anayetafuta mshipa kwa mtu aliyekaukiwa maji.
Akaupata.

Saini saba.
Mkuu wa idara akawaita mmoja mmoja,
kama achambuaye dengu.
Wazo hili la nani?
Letu.
Nani aliandika?
Sisi.
Sikuulizi wao. Wewe, wewe binafsi, unalalamikia nini?
Tunalalamikia

na hapo akafunga faili.

Maana sheria ipo, imelala kitabuni na vumbi lake:
wafanyakazi wakisemea kazi yao kwa pamoja,
wawe na chama au wasiwe nacho,
asiwafukuze mtu kwa kusema.
Haigeuzi mgonjwa kitandani, sheria.
Haijui kuwa mzee wa 508 hupenda taa iachwe.
Lakini ina sikio la ajabu:
husikia wingi.

Machi, Dale alipunguziwa zamu.
Bahati mbaya ya ratiba, wakasema.
Wakaandika tena, safari hii kwa Bodi,
saini kumi na moja.
Jibu halijafika. Theluji imeanza kuoza barabarani.

Leo Marlys ana wagonjwa wanane.
Usiuite ushindi. Ni mgonjwa mmoja.
512 inalia. Korido tupu, viatu vyake tu,
naye anaitika kabla hajafikiri:
Tunakuja.