Arobaini na Tano kwa Dakika

Nyumba yetu Igogo imekaa juu ya jiwe,
na jiwe limeingia ndani bila hodi:
limechomoza kwenye kona ya sebule, mgongo wa kiboko.
Baba alishindwa kulivunja, akalipaka chokaa.
Hapo ndipo nilipoiweka gramafoni,
maana malori ya samaki yakipita
vikombe hucheza kabatini,
jiwe halina habari.

Santuri zimekuja kwenye kreti ya soda,
thelathini na moja. Bi Holo kazileta kwa miguu
kutoka Kirumba, hataki bodaboda azitikise.
Ni za marehemu Luhende, aliyepiga disko
ghorofani, juu ya bohari la nyavu.
Jumamosi. Kiingilio shilingi kumi, wanawake nusu.

Naziosha kwa maji ya betri na tone la sabuni,
kwa brashi ya nyusi niliyomwibia dada.
Mkanda wa mashine ulikwisha kukatika;
nimekata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli,
nikauvuta, nikaulegeza, macho kwenye saa ya ukutani,
hadi mzunguko ukatulia:
arobaini na tano kwa dakika.

Sindano inashuka.
Kwanza mchakacho, dagaa kwenye mafuta.
Halafu kinanda cha umeme kinachojifanya tarumbeta,
ngoma isiyo na ngozi,
makofi ya watu ambao hawajawahi kuwa na mikono.
Mwimbaji, Mzungu wa sijui wapi,
analia kwa Kiingereza cha kukariri.
Kina Luhende nao wakakikariri kwake,
wakakosea juu ya kosa,
wakapendana humo humo.

Kwenye kompyuta kila mkwaruzo ni mwiba.
Nachambua kama ninayemlisha mtoto furu:
huu, na huu, na ule uliojificha.
Saa nane usiku, mbwa wa Igogo wamenyamaza.

Santuri ya tisa ina mwiba unaorudi.
Tik.
Dakika moja nzima, katikati ya wimbo,
tik, kila mzunguko.
Nikachukua kioo cha kukuzia: bawa.
Mdudu wa ziwa, wale wanaopanda majini kama moshi,
aliingia dirishani, usiku wa joto fulani,
akagandishwa na bia iliyomwagika
akalala kukatisha mifereji arobaini na mitano.
Nikamtoa. Mara arobaini na tano nikamtoa.
Kulipopambazuka wimbo ulikuwa maji ya mtungi.

Bi Holo alikuja Jumatano, akavaa hedifoni,
mkono mmoja ameushika ukingo wa jiwe.
Bega la kulia likaanza. Kisha goti.
Kisha, dakika ile, akasimama ghafla
kama mtu aliyetafuta ngazi gizani, asiikute.

“Umeitoa.”
“Nini?”
“Ile tuliyokuwa tunaikanyagia.”

Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa mizani ya pamba;
kilo ikipungua anaijua bila kutazama mshale.

Nilikesha nikimtoa mdudu.
Kumrudisha ni kitufe kimoja.

Tik, kisigino. Tik, kisigino.
Kandambili zinapiga sakafu,
kitenge kimelegea, hajali,
na anahesabu kwa midomo, bila sauti,
akimwachia mtu nafasi upande wa kushoto.

Wimbo ukaisha. Akavua hedifoni,
akaifuta jasho kwa ncha ya kitenge, taratibu,
akaitazama kreti.

“Na zile nane za mwanzo,” akauliza,
“ulitoa nini?”