Jasho la Baridi

Mombasa nani hatoki jasho?
Saa nne asubuhi, Mbaraki, chini ya tumbo la tishari
lililopandishwa juu ya magogo,
hata nyundo inatoka jasho.
Lakini langu siku ile lilikuwa baridi, Nyamawi,
na wewe ulilijua uliponigusa kiwiko
kuniomba brashi ya waya.

Nilijidunga insulini alfajiri, nyumbani Mtongwe,
nikaacha mahamri chini ya kawa
kwa sababu foleni ya kivuko haimngoji mtu.
Nikasema nitakula nikifika.
Nikafika, nikashika kazi.
Nachuma kwa chuma; chuma hakina kifungua kinywa.

Nilikuwa nakufundisha kukwangua.
Kutu ikibanduka kama maganda ya muhogo mkavu,
na chini yake kutu nyingine, laini, nyekundu zaidi.
Usipake juu yake, nilisema.
Rangi juu ya kutu ni kanzu juu ya donda.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya chuma ni rangi.
Piga msasa mpaka chuma kicheke,
kisha praima, upesi, siku hiyo hiyo:
hewa ya hapa ina chumvi,
chuma hakilali uchi.

Halafu maneno yakaanza kuteleza.
Nilitaka kusema zinki, nikasema ziwa.
Nikapaka pale pale mara tatu.
Ukaniita, Fundi Shebwana, Fundi,
nikakutukana tusi la mama.
Nisamehe. Halikuwa langu tusi lile,
lilikuwa la ubongo unaolia njaa.
Midomo ikafa ganzi. Tishari likawa mawili.
Mkono huu, unaopiga mstari wa maji bila kamba,
ukamwaga kopo zima.

Wenzio wakacheka: mzee kalewa.
Wewe ulikwisha fika getini kwa Kadzo wa chai,
ukarudi na soda, ukaing'oa kifuniko kwa meno.
Nusu ikanimwagikia kifuani.
Nusu nikaimeza.

Robo saa.
Ulikuwa ukitazama simu yako
kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.
Nilirudi kwa zamu: kwanza harufu ya tina,
kisha makelele ya winchi,
kisha jina lako.
Ukanilisha viazi karai viwili, vya ukwaju,
hukuondoka mpaka nikavimaliza.

Miaka tisa naambiwa sukari adui.
Mke wangu ameificha nyuma ya unga, kama bangi.
Na siku ile, kati ya wote waliosimama pale,
ukikutoa wewe,
ni adui huyo aliyenishika mkono.
Sijui nimwambieje mke wangu.

Alasiri ukachomelea vipande vya zinki kandokando ya mkuku,
ukauliza kwa nini tunabandika kitu kizuri hivi kiliwe.
Bahari lazima ile, nilikujibu.
Ukiipa zinki, itaacha chuma.
Mwakani tutavikuta vyembamba
kama sabuni ya mwisho wa mwezi,
tutavibandua, tutafunga vingine,
na hakuna atakayeviandika popote.
Uliitikia kwa kichwa tu, miwani ya moto usoni.
Mimi nilikuwa nikiitazama ile chupa tupu
iliyobingirika chini ya magogo.

Sasa sikiliza, maana hili halimo katika mafunzo ya chuo.
Mfuko wa kushoto wa ovaroli langu una peremende sita.
Zihesabu kila asubuhi.
Niulize nimekula nini; nikisema "nitakula", nipokonye brashi.
Nikiwa nameza, nipe kitamu kwanza, maswali baadaye.
Ukinikuta sina fahamu, usinimiminie kitu kinywani:
nilaze ubavu, ita gari la hospitali.

Na nikikutukana, usijibu.
Niguse kiwiko.