Nukta ya Buluu

Asubuhi simu ilisema mia.
Kufika adhuhuri, kabla sijamaliza kuvunja barafu ya kisimani,
ilikuwa thelathini na nane,
na sikuwa nimemwambia mtu hata neno.

Huku Zavhani, Januari, jua ni mpita njia:
linachungulia paneli juu ya hema,
linaaga kabla chai haijachemka.
Chaji hainunuliki. Chaji huvunwa,
na mavuno ya msimu huu ni kiganja kimoja.

Basi nikakaa karibu na jiko la samadi,
nikavaa miwani ya marehemu Luvsandorji,
nikafungua pale panapoandikwa nani amekula nini.
Naam, ipo orodha. Simu haimfichi anayeuliza.

Mchezo wa kupanga peremende:
mjukuu aliuacha hapa Agosti, akarudi shule.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu amekaa miezi mitano, hajashika hata beleshi.
Nikamtoa.

Tochi yenye matangazo ya viatu.
Tochi! Simu imezaliwa na tochi yake,
nani alileta ya pili? Mimi,
nilibonyeza nikiwa nimevaa glavu.
Nje.

Duka linalonikumbusha kila saa
kwamba mapazia yameshuka bei.
Hema langu lina mlango mmoja na tundu la moshi.
Nje.

Mtabiri wa hali ya hewa nilimwonea haya kidogo.
Kila dakika kumi anauliza niko wapi
ili aniambie ni baridi.
Najua ni baridi. Kope zangu zimegandana.
Lakini Machi hutuma dhoruba bila hodi,
na mwaka ule mifugo ilipokufa wima,
ni yeye aliyenihimiza niwarudishe kondoo.
Sikumfukuza. Nilimwambia: njoo nikikuita.

Halafu, juu kabisa, asilimia arobaini na moja,
ilikaa ile aliyoiweka mwanangu Dashnyam kwa mikono yake
kabla hajaenda Inchoni kufunga maboksi ya friji.
Humo ndani mimi ni nukta ya buluu.
Akitoka zamu hufungua kunitazama:
mama yuko kisimani, mama yuko zizini,
mama amesimama. Mbona amesimama?
Nukta haiwezi kumjibu kwamba nilikuwa nafunga kiatu.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Niliipapasa simu ndani ya joho, kifuani,
ninapoilaza isife kwa baridi,
nikajiuliza nani anamla nani hapa.

Nilikunywa bakuli mbili za chai.
Kidole kikasita kama farasi mbele ya mto ulioganda.
Kisha nikabonyeza.

Kesho yake, saa tatu usiku, ikaita.
"Mama! Umepotea! Umepotea kwenye ramani!"
Nyuma yake mashine zikinguruma, mtu akicheka kwa Kikorea.
Nikamwambia: sijapotea, niko hapa karibu na jiko.
Yule kondoo wa pembe moja amezaa mapema, mapacha,
wako chini ya kitanda, wananuka.
Goti la kushoto linauma, la kulia linajitahidi.
Na wewe, umekula?

Kikapita kimya
cha mtu anayejifuta pua kwa mkono wa shati.
Akasema amekula tambi.
Akaanza kunieleza tambi zenyewe,
pilipili yake, jirani aliyemwazima sufuria,
sufuria yenyewe iliyotoboka.

Tuliongea dakika ishirini na sita.
Miaka miwili ya nukta, hatukuwahi kuvuka tano.

Nilipokata, ilikuwa imebaki sitini na moja,
ya kutosha kesho, na keshokutwa jua likigoma.
Mwanakondoo mmoja akalia gizani.
Nikaitoa tena kifuani, nikammulika
kwa tochi ile ile ya kuzaliwa nayo.