Mwiko wa Leokadia

Zilipasuka saa tisa usiku, moja baada ya nyingine,
ghalani kwangu Kihesa, nyuma ya duka la mbao.
Jirani alidhani ni majambazi.
Mimi nilijua. Nilikaa kitandani, nahesabu:
kumi na saba,
kisha ulanzi ukapita chini ya mlango
kama mgeni aliyechoka kungoja kuagwa.

Nilikuwa na kila kitu.
Kipimajoto, mapipa ya chuma yasiyoshika kutu,
lebo zenye picha ya mwanzi,
cheti cha kozi ya wiki sita kimetundikwa ukutani.
Cheti kililowa pia.

Kulipokucha nikapanda pikipiki hadi Kidabaga,
ukungu umeyalalia mashamba ya njegere,
nikamkuta Gaitani Nyalusi katikati ya mianzi yake
na kisu kidogo, kimeliwa na tupa hadi kubaki kama ukucha.
Alikuwa anakwangua ncha ya chipukizi:
wembamba wa ganda la kitunguu, si zaidi.
Asubuhi mara moja, jioni mara moja,
msimu mzima wa mvua, tangu hajaota ndevu.
Mbeta zimening'inia, kila moja na nyuki wake.

Nikamweleza habari za chupa.
Alicheka hata kisu kikamponyoka.
"Ulanzi unapumua, mwanangu.
Wewe umeuziba pua, halafu unashangaa umekupiga?"

Akanipeleka kwa dada yake.

Leokadia Nyalusi hakunikaribisha kiti.
Kimea cha ulezi kilikuwa juani, juu ya mkeka,
na kuku anafukuzwa kwa jina lake.
Akanishika shingo, akanilaza sikio
kwenye pipa la komoni. "Sikiliza."

Mvua. Naapa, mvua juu ya bati,
mbali kidogo, kama inanyesha kijiji cha pili.
"Hiyo bado. Kesho yatakuwa manyunyu.
Keshokutwa itanyamaza, lakini itakuwa inakohoa kohoa,
kama mzee anayekumbuka deni.
Hapo ndipo."

Nikatoa kipimajoto changu, kwa aibu,
nikakitumbukiza, nikaandika daftarini:
mvua: nyuzi ishirini na nne.
Siku ya pili: manyunyu, ishirini na moja.
Siku ya tatu nililala jikoni, nikaamshwa na kikohozi.
Aliichukua kalamu, akaitazama safu yangu ya tarakimu,
akasema, "Kumbe na hiki kidude kinasikia."

Mwiko wake mweusi, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu,
umesimama pembeni, umeganda machicha ya miaka.
Nikauliza unaoshwa na nini.
Akanitazama kama nimetukana ukoo.
"Mwiko kuuosha mwiko.
Mama aliukorogea, na mama yake.
Wote wamo humu, wanachachua."

Siku ya kuondoka akaulaza magotini,
akachukua panga, akabanja kibanzi, urefu wa kidole,
akakifunga kwenye leso.
"Elfu kumi," akasema.
Nikatoa. Akahesabu mara mbili.

Sasa kibanzi kinaelea kwenye pipa langu la chuma,
na chuma kimejifunza kunyesha.
Chupa nazijaza kwenye kikohozi, si kabla.
Nilitaka kuandika jina lake kwenye lebo. Alikataa:
"Huku wananijua. Huko mjini, watu wasome bei."

Juzi wageni wa mkutano walionja, wakapiga makofi,
mmoja akataka katoni arobaini kufikia Ijumaa.
Nikampigia simu Gaitani.
Mvua ilikuwa inasikika nyuma yake, au pipa, sikujua.
"Wamekusifu?"
"Wamenisifu sana."
Akanyamaza kidogo. Alijua ninaijua methali,
kwamba mgema husifiwa, kisha tembo hulitia maji.
"Haya," akasema, "na bomba la maji liko wapi
hapo kwako?"

Liko hatua nne kutoka kwenye pipa.
Nimeagiza chupa kumi na mbili. Ijumaa watazikuta hizo.
Nimelala ghalani, sikio ukutani.
Bado manyunyu.