Siku Sita za Tanuri

Fundi alipiga goti, akatia tochi ndani,
akasema: siku sita.
Matofali yamekula miaka arobaini ya moto,
lazima yang'olewe, mapya yakauke polepole,
na sisi tukae mbali tusimsumbue.

Siku sita! Kálmán akaniangalia
kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko noti aliyotoa.
Tangu tuoane hatujawahi kupewa hata mbili.

Usiku ule ule akafungua daftari la oda,
ukurasa wa nyuma, baada ya madeni ya Bi Etelka,
akavuta mstari kutoka Debrecen hadi ukingo wa karatasi:
Budapest, Viena, Praha,
kisha chini, Ljubljana, Trieste, Venisi,
na Verona, muda ukiruhusu.

Muda upi, baba?
Nikahesabu saa za treni kwa vidole,
vya mikono vikaisha, nikavua viatu.
Tutaiona Ulaya, nikamwambia,
kupitia dirisha la choo cha behewa.

Akacheka. Akaifuta Verona.
Praha aliiangalia muda mrefu,
akaifuta kama anayejing'oa jino mwenyewe.
Wahenga walimwonya mshika mbili;
mshika saba hawakumfikiria kabisa.

Venisi hakubali iguswe.
Ipo kwenye kifuniko cha kopo la biskuti
juu ya rafu ya unga, tunamowekea vifungo:
daraja, mtumbwi mweusi, mwanamke mwenye mwavuli
aliyefutika uso kwa vidole vyetu vya mafuta.
Mimi nataka Trieste.
Nina miaka hamsini na saba,
nimetia chumvi kwenye donge kila siku ya Mungu,
na bahari sijaiona.

Bei tunazipima kwa magunia, hatujui kipimo kingine.
Chumba cha Viena, karibu na stesheni: magunia kumi na moja.
Kile chenye kifungua kinywa: kumi na matatu.
Magunia mawili kwa yai na siagi!
Tukakaa kimya sote wawili,
tukimwonea wivu mwenye hoteli.

Usiku wa tatu nilipapasa shuka, upande wake baridi.
Saa nane kamili.
Nikamkuta jikoni gizani, amesimama mbele ya meza tupu,
mikono ikikanda taulo la vyombo,
ikikunja, ikisukuma, ikigeuza.
Tanuri limezimwa, Kálmán.
Najua, akasema.
Kisha, bila kugeuka:
Piroska, huko Viena, saa nane usiku, nitafanya nini?

Sikuwa na jibu. Nilichukua penseli.
Viena, usiku mmoja, kwa kuwa iko njiani.
Ljubljana nikaifuta, haikunikosea kitu.
Trieste, nne.
Venisi tutakwenda asubuhi, turudi jioni,
alilinganishe lile daraja na kopo letu, aridhike.

Na asubuhi moja, yoyote ile,
nataka pazia lifungwe hadi saa tatu.
Nataka kushuka na nywele zangu hivi hivi,
ninunue mkate uliokandwa na mtu nisiyemjua,
aliyeamka yeye, akaungua yeye.
Kálmán ataubonyeza kwa dole gumba, atanusa,
atasema umeharakishwa kuumuka.
Mimi nitaula wote, nikimtazama.

Tikiti ziko ndani ya daftari.
Leo nilifungua sanduku lake niongeze sweta
nikakuta, katikati ya soksi za sufu,
chupa ya chachu, ile ya mama yake,
imeviringishwa kama mtoto wa baridi.

Sikumwambia kitu.
Nililegeza kifuniko kidogo,
ipumue.