Pembe Nne za Shuka

Roma, mtaa wa Garbatella, Jumapili ya mwisho ya Oktoba.
Tumeibuka kutoka treni ya chini ya ardhi na ramani iliyokunjwa vibaya,
mimi, Mirta wa miaka tisa, na Nevio
ambaye tangu Torino anauliza kama tumefika.

Nilikuwa nimepanga. Kwanza chemchemi
yenye uso wa mwanamke anayetema maji,
kisha ngazi, kisha matao,
kisha nyumba za rangi ya boga
zilizojengwa karne iliyopita kwa ajili ya wafanyakazi,
kila kundi la nyumba na ua wake.
Nilitaka wanangu waione historia.
Nevio alitaka kukojoa.

Ndivyo tulivyoingia ua ambao sikuupanga:
lango la chuma limeachwa wazi, paka watatu,
baiskeli isiyo na gurudumu la mbele,
na nguo, nguo, nguo juu ya kamba,
kana kwamba mtaa mzima umevuliwa na kuoshwa.
Mvulana mwenye magoti ya vidonda, jina lake Tazio,
alimwonyesha Nevio choo cha nyanya yake.
Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza,
"Nani anadaka?"

Nikakaa kwenye ngazi. Jiwe lilikuwa na joto bado.
Juu, mtu alikuwa akipiga vitunguu kwa kisu,
redio ikitangaza mechi, mtoto mchanga akikataa usingizi.

Mpira, sijui aliupiga nani
(najua: Mirta),
ukapaa, ukawaruka paka,
ukagonga katikati ya shuka jeupe
na kuacha duara la tope, kamili kama mhuri wa serikali.

Kimya. Watoto waliyeyuka.
Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka,
akatokea Bi Ersilia, mwiko mkononi
ukidondosha mchuzi wa nyanya juu ya maua ya jirani.
"Wewe! Mwenye ramani! Usiondoke."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi sikufikisha hata nusu saa.

Tulilifua shuka lile kwenye karai, chini ya mti wa limau.
Tukalikamua, yeye akisokota kulia, mimi kushoto,
maji yakaniingia viatuni.
Kisha akaanua mengine yaliyokauka,
akanipa pembe mbili.
"Vuta."
Nikavuta.
"Si hivyo. Unavuta kama unaiba."

Hatua moja mbele, hatua moja mbele,
mpaka vidole vyetu vikakutana,
pembe zikahama mikono, nikarudi nyuma
nikiinama kuuokota mkunjo,
kama ngoma ambayo kila mtu aliifahamu
ila mimi.

"Tangu Amedeo aondoke," akasema,
na hakusema ameenda wapi,
"hizi pembe mbili nazifunga kwenye kitasa cha mlango.
Mlango hauna ubishi. Lakini hausogei."

Sikumwambia kwamba nyumbani
mimi hutumia kidevu.

Mashuka saba. Nilihesabu.
Baadaye kikapu kilishuka kwa kamba kutoka dirishani:
mpira, umefutwa,
na vipande vitano vya mkate vilivyochovywa mchuzi.
Watoto walikuwa wanane. Kukawa na vita.

Chemchemi tuliipita gizani, tukikimbilia treni.
Nevio alikunywa, akalowa kifua,
hakutazama uso wala nini.
Ramani niliisahau kwenye ngazi;
Tazio, nadhani, ameifanya ndege.

Jumamosi iliyofuata, Torino, mvua.
Nimesimama katikati ya chumba, shuka chini ya kidevu,
upande mmoja ukifagia sakafu.
Mirta akaja bila kuitwa,
akaokota pembe mbili,
akanikazia macho.
"Baba," akasema, "unavuta kama unaiba."